Kukosa Makao Si Jinai
Sheria ya Uzururaji, urithi tulioachiwa na mkoloni, ilifutwa mwaka 1997. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, ikampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Lakini Februari 2019 watoto wa mitaani wa Nakuru (chokoraa, tuwaitavyo bila haya) walipakiwa magarini kama takataka, wakatupwa msituni katika kaunti ya Baringo. Mwaka 2021 mji huohuo ukatunukiwa hadhi ya jiji!

Mbele ya Katiba, alalaye barazani ndiye mdai, serikali ndiyo mdaiwa. Tangu lini mdaiwa akamkamata mdai wake na kumtupa porini? Tunadai: gari la kaunti lisimpakie tena binadamu pasipo amri ya hakimu.