Mzazi na Mtoto Wakakitazame Chuo Pamoja

Kila mwaka sisi wa kidato cha nne hupewa fomu ya kuchagua masomo na vyuo, ile tunayoiita selform, na kila mwaka wengi wetu huijaza bwenini kwa kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Mzazi hupata habari baadaye, tena kwa simu. Kwa maoni yangu, kabla ya kuijaza yafaa mzazi na mtoto wafunge safari wote wawili wakavitazame vyuo kwa macho yao.

Najua wako watakaonicheka. Mzee mmoja wa kwetu aliniambia ya kwamba wao hawakuchagua kitu, waliitwa, wakaenda. Ni kweli. Kabla ya mwaka 1961, masomo ya chuo kikuu yalipoanza Dar es Salaam kwa kitivo kimoja tu cha sheria, vijana wa Tanganyika waliotaka elimu ya juu walikwenda Makerere, kama alivyokwenda Mwalimu Nyerere mwaka 1943. Mzazi gani wa Ugogo angeweza kumsindikiza mwanawe hadi Kampala ili akague mabweni? Lakini leo Dodoma peke yake ina Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo Kikuu cha St. John's kilichoingia katika majengo ya shule ya zamani ya Mazengo, vyote viwili vya tangu mwaka 2007. Tena kuna Chuo cha Mipango pale Miyuji, na tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara. Nauli ya basi toka Mpwapwa haimshindi mtu aliyeuza gunia moja la karanga.

Wengine husema kwamba safari hiyo ni kazi bure, maana TAMISEMI ndiyo itupangayo, na mtu huweza kuchagua hapa akapelekwa kule. Hoja hii ina nguvu, wala siikatai. Hata hivyo tunayoyaandika katika fomu si bure. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa toka 16 hadi 65. Baba yangu alizijua mbili: PCB, aliyoiita ya udaktari, na HGL, aliyoiita ya uanasheria. Zile 63 kwake hazikuwapo. Na mtu akishasoma tahasusi moja, masomo mengi ya chuo kikuu yamekwisha kumfungia mlango. Kwa hiyo si mapema mno kwenda kuuliza mlango upi unafunguliwa na nini.

Baba na mimi tulikwenda likizo ya Juni. Tulipanda basi la alfajiri, tukapita Kongwa hadi Mbande, na njia nzima alizungumza juu ya mvua na bei ya alizeti. Chuo Kikuu cha Dodoma kimetandaa juu ya vilima, naye aliuliza mara tatu kinaanzia wapi. Yeye alipajua Chimwaga kwa habari za mikutano mikuu ya CCM tu. Majumba yalimfurahisha sana. Mimi sikuyajali mno, kwani majumba hata katika picha yanaonekana.

Katika ofisi ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, karani alimwuliza Baba kila kitu: mtoto anataka nini, anapenda somo gani, hesabu anaziweza? Mimi nilikaa pembeni kama mzigo. Baba aliyajibu yote, na majibu mengine niliyasikia kwa mara ya kwanza siku ile. Wazazi wanisamehe, lakini ni vema mtoto aachwe aulize mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayelala pale miaka mitatu.

Aliyetufaa kuliko karatasi zote ni dada mmoja mwanafunzi tuliyemkuta nje akianika nguo. Alitueleza kodi ya chumba kwa wasiopata bweni, chakula cha siku, na gharama za mazoezi ya kazi. Kidato cha tano na cha sita havina ada tangu mwaka 2022, na Baba alidhani chuo kikuu kitakuwa vivyo hivyo kwa sababu ya mkopo. Yule dada akamwambia kwamba mkopo huombwa, na mwombaji huweza kupata sehemu tu, au asipate. Baba akatoa kalamu akaandika.

Mimi nataka kusomea afya ya mifugo. Kwetu Mpwapwa kuna chuo cha mifugo, na kazi ya utafiti wa mifugo ilianza pale mwaka 1905, zamani za Wajerumani; hata kuna aina ya ng'ombe iitwayo Mpwapwa, iliyozalishwa pale pale. Baba hupita karibu na chuo hicho kila aendapo mnadani, wala hakuwahi kuingia. Kwake vyuo vya cheti na stashahada ni vya walioshindwa. Tuliporudi toka mjini, kwa kuwa tulikwisha kuzoea kuuliza, tuliingia na hapo. Aliuliza maswali mengi kuliko yote ya mjini, maana ng'ombe anawajua.

Hatujakubaliana mpaka leo. Yeye angali anataka niende kidato cha tano kwanza, nami nataka chuo. Lakini sasa twabishana kwa hesabu zilizo katika karatasi moja, si kwa sifa za mtoto wa jirani.

Basi nawaomba Mkuu wa Shule na walimu, kwa ajili ya wadogo zetu wa kidato cha tatu, nakala ya fomu itolewe kabla ya likizo ya Juni ili waende nayo nyumbani. Na wale ambao wazazi wao wako mbali, kama Kwamtoro, au hawana nauli kabisa, mwalimu mmoja aweza kuwachukua hadi mjini kwa siku moja ya kazi, ofisi zikiwa wazi.