Joto la Mchanganyiko wa Petroli: Kiasi Gani, na Wapi?

Yapo madai yasiyochoka kurudi, kwamba petroli ikigeuzwa mvuke kamili kabla ya kuingia katika injini, gari litakwenda umbali maradufu kwa lita ile ile. Madai haya yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoyapa nguvu ya kupotosha. Yafaa basi tuzitazame injini za mwanzo, kwa kuwa jambo hili lilikwisha kupimwa.

Magari ya kwanza yalitumia petroli nyepesi. Magari yalipoongezeka, hasa katika miaka ya 1910, viwanda vya kusafisha mafuta vililazimika kutia humo sehemu nzito zaidi, zisizovukizika upesi. Isitoshe, kimiminiko kinapovukizika hunyonya joto. Hivyo bomba la kuingizia mchanganyiko lilipoa na matone yakajikusanya ukutani. Silinda moja ilipata mafuta mengi, nyingine kidogo. Mafuta yasiyoungua yaliteremka kando ya pistoni, yakaifanya oili kuwa nyepesi na vyuma kulika upesi.

Dawa mojawapo ilikuwa kupasha hewa moto. Ford Model T, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa na bomba lililopeleka kwenye kabureta hewa iliyopashwa na ekzosi. Lakini hewa ya moto hupanuka. Ikipanda kutoka nyuzi 27 za Sentigredi hadi 87 bila kubadilika kanieneo, ujazo ule ule hubeba hewa pungufu kwa sehemu moja ya sita. Nguvu hupungua, na injini huelekea zaidi kugonga.

Ufumbuzi bora ulikuwa kulipeleka joto panapohitajika tu. Mchanganyiko ulielekezwa kwenye ukuta uliopakana na bomba la moshi. Hewa, kwa wepesi wake, hukata kona. Matone, kwa uzito wake, huupiga ukuta huo wa moto na kuvukizika. Katika miaka ya 1920, utafiti wa pamoja wa Ofisi ya Viwango ya Marekani na wenye viwanda vya mafuta na magari ulilinganisha petroli zenye uvukizi tofauti. Hawakupima umbali peke yake. Walipima pia kiasi cha petroli kilichoingia katika oili.

Hata hivyo, katika miaka ya 1930 Charles Nelson Pogue wa Kanada alipata hataza za kabureta ya mvuke, na ikavuma kwamba gari lingekwenda zaidi ya maili 200 kwa galoni moja. Haikuthibitishwa kamwe. Sababu iko wazi: injini iliyokwisha kupata moto na kurekebishwa vizuri huunguza karibu petroli yote. Hasara kubwa ni joto linalotoka na moshi na maji ya kupozea, wala kuvukiza petroli hakurudishi joto hilo.

Kwa hiyo naona ni wajibu wa vyuo na maabara zetu kumtaka kila muuzaji wa vifaa vya namna hii alete vipimo vinne: uzito wa petroli iliyotumika, nguvu iliyopatikana, joto la mchanganyiko, na hali ya oili baada ya kazi. Asiyekuwa navyo asiruhusiwe kumwuzia dereva matumaini, kwani atakayelipia injini iliyoharibika ni dereva huyo huyo.