PIKAPU IKIKAA KITAKO, HESABUNI MZIGO



Kuna neno moja ambalo limekuwa kama dawa ya magonjwa yote katika yadi za kazi. Pikapu ikipakiwa mpaka nyuma ikakaa chini na pua ikatazama juu, nyapara haulizi imebeba kilo ngapi. Humwita fundi na kumwambia, "Ongeza mabapa mawili ya springi, kazi iende." Kesho yake gari limesimama sawasawa, wakubwa wamefurahi, na mzigo ni ule ule au umezidi. Mimi nasema kuwa neno hilo ni la hatari, na walipao ni sisi tunaoendesha magari hayo na kupanda nyuma yake. Nitaeleza kwa nini, kisha nitasema chama kidai nini.

Kwanza tujue springi ni kitu gani. Springi ya nyuma ya pikapu nyingi ni mabapa ya chuma yaliyopindwa kama uta, yakapangwa moja juu ya jingine, na kufungwa kwenye ekseli kwa boliti za U. Kila kilo unayoongeza huunyoosha uta huo kidogo. Basi nyuma ikishuka, springi haijakosa. Yatuambia uzito. Punda akilemewa hupiga magoti, na mwenye akili hupunguza mzigo. Hamfungi punda gogo chini ya tumbo ili asiweze kupiga magoti.

Sisi watu wa relwe twalijua jambo hili. Kila behewa la mizigo limeandikwa ubavuni uzito wake likiwa tupu na uzito linaoruhusiwa kubeba. Springi za behewa nazo ni chuma tu, lakini hakuna karani wa stesheni awezaye kusema, "Tuliongezee behewa hili bapa, libebe zaidi ya ilivyoandikwa." Uzito hauishii kwenye springi. Hupita kwenye beringi, kwenye ekseli, kwenye gurudumu, halafu kwenye reli na daraja. Kamba hukatikia pabovu, na si lazima pabovu pawe pale ulipotazama.

Pikapu ni vivyo hivyo. Ukiongeza bapa umeitia nguvu springi peke yake. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, tairi, breki na fremu ni zile zile. Aliyeliunda gari alipanga kiasi cha mzigo kwa kuvitazama vitu hivyo vyote pamoja. Fundi wa kando ya barabara, hata awe hodari namna gani, amebadili kimoja tu. Kilichoondoka ni dalili, ugonjwa umebaki.

Tena kuna jambo ambalo madereva wengi hawakuambiwa. Pikapu nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa chuma chembamba. Kazi yake ni kupima umbali kati ya bodi na ekseli. Bodi ikishuka, valvu hujua kuwa gari limebeba, na huziachia breki za nyuma nguvu zaidi. Bodi ikiwa juu, hudhani gari ni tupu, na hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Sasa ongeza mabapa, uiinue bodi, kisha upakie tani nzima. Valvu yadhani gari ni tupu! Breki za nyuma zanyimwa nguvu wakati ule ule zinapoihitaji. Mwenye gari ameidanganya polisi, ameidanganya valvu, na dereva ndiye atakayeujua ukweli kwenye mteremko.

Sasa tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tuseme pikapu imeruhusiwa kubeba kilo 1,000. Mfuko wa simenti ni kilo 50, basi mifuko 20 imeshalijaza gari. Lakini nyapara huamuru watu watano wapande juu ya mifuko, na mmoja akae mbele kando ya dereva. Kwa kilo 70 kila mtu, hao sita ni kilo 420. Tia sururu, koleo, mitaimbo na pipa la maji, kilo 80. Jumla ni kilo 1,500, na dereva bado hatujampima. Katika hesabu ya nyapara, simenti ina uzito kwa sababu imenunuliwa, bali mtu hana uzito. Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kabla ya kuingia relwe nilikuwa kibarua kwa kontrakta mmoja ambaye sitamtaja jina. Pikapu yake ilikuwa imeongezwa mabapa matatu kila upande. Ikiwa tupu ilirukaruka kama mbuzi, na sisi tuliokaa nyuma tulishuka tukishika viuno. Ikiwa na mzigo ilipendeza macho. Siku moja kwenye mteremko tairi la nyuma lilipasuka, gari likaingia mtaroni, na mwenzetu mmoja akavunjika mkono. Mwisho wa mwezi dereva alikatwa mshahara kwa bei ya tairi. Fundi alisifiwa, maana springi hazikuvunjika.

Wako watakaonijibu kuwa si kila pikapu ikaayo chini imezidishiwa mzigo. Nyingine springi zake zimechoka. Ni kweli, na jambo hilo lapimika bila kubishana. Chukua futi. Gari likiwa tupu na mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka ukingo wa bodi juu yake, upande wa kulia na wa kushoto, uandike kitabuni. Pima tena gari likiwa na mzigo uliopimwa kwenye mizani. Kama likiwa tupu tayari limelala, springi zimekwisha. Zitiwe mpya za kipimo cha mtengenezaji. Kama upande mmoja tu umelala, tafuta bapa lililovunjika au bushi zilizokufa. Lakini kama springi ni nzima na gari lalala likipakiwa, basi jibu limo katika mizani, halimo katika gereji.

Wengine husema, "Weka shokamzoba mpya." Shokamzoba hutuliza mruko wa gari, za kawaida hazikuundwa kubeba mzigo. Wengine huleta mipira ya kujazwa upepo, ikawekwa kati ya ekseli na fremu. Mipira hiyo ina faida, na springi za kusaidia zina faida, ikiwa mzigo umo ndani ya kiasi na kazi ni ya kulisawazisha gari. Ikitumiwa ili kuzidisha mzigo, ni mabapa ya nyapara yaliyovaa nguo mpya.

Tena mahali pa kuuweka mzigo pana maneno yake. Tuseme kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 3. Weka vyuma vya kilo 200 mwisho kabisa wa bodi, mita 1 nyuma ya ekseli. Ekseli ya nyuma haipati kilo 200 tu. Yapata kama kilo 267, kwa sababu mzigo huo umeinua mbele kwa kilo 67. Ni kama ubao uliolazwa juu ya gogo: mtoto akikaa huku, wa kule huinuka. Mbele ikiwa nyepesi, usukani hauna nguvu, breki za mbele hazishiki vizuri, na taa humpiga machoni dereva anayekuja. Vyuma vile vile vikiwekwa mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kabati la dereva, vikafungwa kwa kamba au minyororo, nyuma haishuki kiasi kile. Dawa hii ni bure, nayo yataka dakika kumi za kupakia kwa akili. Lakini nyapara anayepiga kelele "Haraka! Haraka!" hana dakika kumi.

Tela nayo hudanganya watu. Tela ya ekseli moja yenye uzito wa kilo 1,000 yafaa ilemee ndoano kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi, yaani kilo 100, ikiwa ndoano na gari vimeruhusiwa kiasi hicho. Ndoano ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, kilo hizo 100 huwa 140 juu ya ekseli ya nyuma, na mbele hupungukiwa kilo 40. Kwa hiyo uzito wa ndoano lazima uhesabiwe ndani ya mzigo wa pikapu. Yuko mtu mwerevu ambaye akiona pikapu imelala husukuma mzigo nyuma ya tela ili ndoano iwe nyepesi. Pikapu huinuka kweli. Lakini tela isiyolemea ndoano huanza kuyumba mkia gari likipata mwendo, na ikishayumba yaweza kulivuta gari zima nje ya barabara. Huko Marekani wana kiungo chenye vyuma virefu vinavyorudisha sehemu ya uzito mbele. Ni kitu kizuri, lakini nacho hakiongezi hata kilo moja juu ya kiasi alichoandika mtengenezaji.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wakubwa hupenda kutuambia kuwa hii ni habari ya ufundi tu. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 56, yakataza gari kutumiwa barabarani na mzigo uzidio ule uliotajwa na mtengenezaji au uliokadiriwa na mkaguzi wa magari. Haikusema "isipokuwa nyapara ameongeza mabapa." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtwisha mwenye kazi wajibu wa kutulinda, nayo yamkataza kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Je, tairi lililopasuka kwa mzigo ulioamriwa na mkubwa ni makusudi ya dereva? Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuwa na hali nzuri ya kazi.

Wakubwa watasema, "Mkikataa kuzidisha, safari moja itakuwa mbili, mafuta yatapanda, na kazi itatupotea." Jibu langu ni hili. Gharama ya safari ya pili huandikwa leo, nao huiona. Tairi huandikwa mwezi ujao, beringi mwezi wa pili, na mkono uliovunjika hauandikwi katika kitabu chao hata kidogo; huandikwa nyumbani kwa mtu. Kama kazi haiwezi kuleta faida mpaka gari la tani moja libebe tani moja na nusu, basi faida hiyo ni yetu sisi, imetolewa katika miili yetu. Na baadhi yetu madereva tuache kujisifu ati "Mimi nilileta mifuko thelathini kwa safari moja." Sifa hiyo ndiyo huwa kipimo cha kesho kwa dereva mwingine.

Kwa hiyo naomba chama, katika mazungumzo yajayo na waajiri, kidai mambo haya:

1. Kila pikapu na tela iandikwe mlangoni, kwa rangi na kwa Kiswahili, uzito wake ikiwa tupu na kilo inazoruhusiwa kubeba, watu wakiwamo.

2. Mzigo uandikwe kwa kilo kabla gari halijaondoka, na mkubwa aliyeamuru atie sahihi pamoja na dereva.

3. Springi zisiongezwe wala kubadilishwa bila gari kupelekwa kwa mkaguzi, na valvu ya breki itazamwe kila mara springi zikiguswa.

4. Watu wasipandishwe juu ya mzigo. Genge la wafanyakazi lipewe gari lenye viti.

5. Dereva anayekataa mzigo uliozidi asiadhibiwe, na asikatwe hata senti kwa chombo kilichovunjika kwa mzigo alioamriwa kuubeba.

Hayo matano hayataki fedha nyingi. Yataka brashi ya rangi, daftari, futi, na mkubwa asiyeogopa kuandika jina lake chini ya amri yake. Anayeogopa kutia sahihi amekwisha kukiri kuwa ajua anachofanya.

Ndugu wa matawi, kabla ya mkutano ujao kila mmoja apime pikapu ya mahali pake kama nilivyoeleza, ikiwa tupu na ikiwa na mzigo, aandike vipimo pamoja na hesabu ya watu na mali iliyobebwa, ampe katibu wa tawi. Tukienda kwa waajiri na manung'uniko watatuambia hatujui ufundi. Tukienda na vipimo itawabidi watujibu kwa vipimo.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Relwe