RELI NI YETU, MBONA HATUULIZWI?

Wananchi wenzetu wa Rongai,

Mwishoni mwa Aprili 2017 gari la moshi la usiku kati ya Nairobi na Mombasa, lililobeba vizazi vya Wakenya juu ya reli ya zamani, lilifunga safari yake ya mwisho. Tarehe 31 Mei mwaka huo treni ya reli mpya ikazinduliwa kwa vifijo na nderemo. Sisi hatulalamiki kwamba taifa limejenga reli mpya. Twauliza jambo moja tu: mwenye mali aliulizwa lini kabla ya mali yake kuwekwa kando?

Gari lile liliondoka Nairobi jioni na kufika pwani asubuhi. Mwenye fedha alilala kitandani katika daraja la kwanza au la pili. Mnyonge alikaa wima katika daraja la tatu hadi kulipokucha, lakini alifika, tena bila kulipia chumba cha kulala. Sisi wa Bonde la Ufa tuliunganishwa nalo na njia mbili zinazoachana Nakuru: moja ya Kisumu, na nyingine ya Eldoret na Malaba, iliyopitishwa hapa Rongai katika miaka ya 1920.

Watetezi wa wakubwa watasema kwamba gari lile lilikuwa limechakaa. Naam, lilichakaa. Januari 1993 mafuriko yalisomba daraja la Ngai Ndethya, treni ya usiku ikatumbukia, na watu zaidi ya 100 wakaangamia. Lakini ni nani aliyeiacha reli izeeke bila matunzo? Amnyimaye ng'ombe majani hana haki ya kumlaumu kwa kukosa maziwa.

Tuitazame historia bila upendeleo. Kifungu cha 2A kilipoondolewa katika Katiba Desemba 1991, tulishangilia mwisho wa utawala wa chama kimoja. Mwaka wa 2002 KANU ikaondoka madarakani. Novemba 2006 serikali ya Rais Kibaki ikaikabidhi reli kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Mkataba huo ukavunjwa 2017, haujafika hata nusu yake. Serikali ya Jubilee nayo ikajenga reli mpya hadi Nairobi kwa takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Wananchi hawakuonyeshwa mikataba ya mkopo huo hadi Novemba 2022, miaka mitano baada ya treni kuanza kwenda! Vyama vimepokezana usukani, lakini desturi ya kuamua gizani imebaki pale pale.

Na mlipaji ni nani? Tangu 2013 ushuru wa kustawisha reli umetozwa juu ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Mama wa Rongai anunuapo nguo ya mitumba, huilipia reli. Hata hivyo, reli mpya ilipofika Suswa Oktoba 2019, ilisimama huko. Treni ya Kisumu ilipofufuliwa Desemba 2021, ilitoka Nakuru ikashika njia ya Njoro. Rongai ililipa, na Rongai ikapitwa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, mkataba wowote wa reli uchapishwe kabla ya kutiwa sahihi, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kupata habari. Pili, huduma ya abiria isiondolewe popote kabla wanaoitumia hawajasikizwa. Tatu, reli ya zamani inayopita hapa irudishiwe mabehewa ya abiria, pamoja na ya daraja la mnyonge.

Waomba kura watakuja tena, kila mmoja na rangi ya chama chake. Tusiwaulize rangi. Tuwaulize, mbele ya umma, wataifanyia nini reli yetu, kwa fedha zipi na kwa mkataba upi. Asiyekuwa na jibu asipewe kura. Vyama vingi bila wananchi wanaouliza ni chama kimoja chenye majina mengi.