Si Kila Tufe Ni la Mzinga

Nina ugomvi na watu wanaozunguka na mashine za kutafutia madini, na sioni haya kuutangaza. Mashine ikilia, wanachimba. Wakikuta tufe la chuma lenye kutu, hata udongo haujapanguswa, limekwisha kupewa jina: "Hili ni la Mjerumani." Na likiwa la Mjerumani, basi lazima chini yake kuna sanduku la rupia! Ndivyo kilima kizima kinavyopinduliwa kama shamba la mihogo lililoingiliwa na nguruwe.

Hebu tufikiri pamoja, ndugu msomaji. Mjerumani alipopigana nchini mwetu, 1914 hadi 1918, makombora ya mizinga yalikuwa marefu, yenye ncha. Mizinga iliyotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji mwaka 1915, haikutupa matufe. Tufe la mzinga ni la zama za nyuma zaidi, kama zile Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu 1696 hadi 1698. Ama si la mzinga kabisa. Karasha za kusagia mawe ya dhahabu hutumia matufe ya chuma, nayo yakichakaa hutupwa popote.

Niliwahi kuletewa moja likiwa limeviringishwa katika kanga kama mtoto mchanga. Tulilipeleka kwenye mizani ya dukani: kilo 4 barabara, na chini ya kutu lilikuwa laini pande zote. Lilikuwa tufe la wanariadha wa kike! Mwenyewe alinikasirikia mimi, si tufe.

Kupima si kazi ya profesa. Zungusha uzi, gawanya urefu wake kwa 3.14, utapata kipenyo. Tufe la chuma cha kusubu lenye kipenyo cha sentimita 10, lisilo na uwazi ndani, lina uzito wa karibu kilo 3.8. Tazama pia kama lina mstari wa kalibu, kwa kuwa matufe ya zamani yalimiminwa katika kalibu ya vipande viwili. Likiwa jepesi mno, hapo simama. Huenda chumvi ya bahari imekula chuma. Huenda pia lina uwazi uliojazwa baruti. Baruti haizeeki kama sisi. Mwaka 2008, huko Virginia, Marekani, mkusanyaji mmoja aliuawa na kombora la vita vya 1861 hadi 1865 alipokuwa akilisafisha. Nasi tunayagonga kwa nyundo mbele ya watoto!

Lakini kinachoniudhi zaidi ni shimo. Wazamiaji walioichunguza merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama Mombasa mwaka 1697, waliandika kila kitu kililala wapi na kando ya nini. Wachimbaji wetu huondoka na tufe, wakaacha ushahidi umechanganyika na majani. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimbua mambo ya kale kunataka kibali. Wao hujibu kwamba serikali haitawalipa kitu. Huenda. Ila tufe ambalo hakuna ajuaye lilikotoka, mnunuzi wa mjini naye atalipima kwa bei ya chuma chakavu.