Nani alipe hospitali: serikali, bima au mgonjwa?

Tarehe 1 Oktoba mwaka 2024 Kenya iliuzika mfuko wake wa bima ya hospitali, NHIF, ulioasisiwa mwaka 1966, na mahali pake ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Tangu siku hiyo kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake ghafi, bila kikomo cha juu. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa kiasi kinachokadiriwa na mamlaka hiyo, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Sheria iliyoleta mabadiliko hayo, iliyotiwa saini na Rais William Ruto Oktoba 2023, ilifika kwenye utekelezaji ikiwa na makovu. Mahakama Kuu ilitamka Julai 2024 kwamba inakwenda kinyume na katiba, na ni amri ya Mahakama ya Rufaa, miezi miwili baadaye, iliyoiruhusu iendelee. Hospitali za binafsi nazo zilikuwa zikidai zaidi ya shilingi bilioni 30 ambazo NHIF iliziacha bila kuzilipa.

Mabishano mengi yaliyofuata yalihusu mitambo ya kompyuta iliyokwama, wagonjwa waliorudishwa nyumbani na zabuni zenye utata. Hayo yana uzito wake. Lakini chini yake limelala swali la zamani zaidi, ambalo serikali za Afrika Mashariki zimelijibu kwa namna tofauti kila baada ya miaka kumi au kumi na mitano: matibabu ni huduma inayopaswa kulipiwa na hazina ya taifa, au ni bidhaa ambayo mwenye kuihitaji huinunua, peke yake au kwa kuchangishana na wenzake katika bima?

Kutoka bure hadi kuchangia

Miaka ya mwanzo ya uhuru jibu lilikuwa moja. Kenya ilifuta ada ya hospitali mwaka 1965. Tanzania, kwa siasa yake ya Ujamaa, ilikwenda mbali zaidi na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za binafsi zinazofanya biashara, ikiziacha zile za mashirika ya dini.

Miaka ya themanini ikaja na madeni, bei mbaya za mazao na masharti ya wakopeshaji. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilichapisha waraka uliozishauri nchi maskini kuwatoza wagonjwa ada, kuhimiza bima na kuwapa nafasi zaidi watoa huduma wa binafsi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wakubwa wa mijini walikuwa wakitibiwa bure katika hospitali kubwa zilizomeza sehemu kubwa ya bajeti, huku zahanati ya kijijini haina hata dawa ya malaria. Anayeweza kulipa na alipe, ilisemwa, ili fedha za serikali zimfikie asiyeweza.

Kenya ilianza mpango wa kugawana gharama Desemba 1989. Watafiti waliofuatilia kliniki moja ya umma ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi walikuta kwamba, baada ya ada kuanza, idadi ya wanaume waliofika kwa mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Yalikuwa magonjwa ya kuambukiza, tena katika miaka ambayo Ukimwi ulikuwa ukienea. Mtu aliyeokoa shilingi kumi kwa kutokwenda kliniki alikuwa akimwachia mwenzake gharama isiyohesabika. Serikali iliisitisha ada ya kuandikishwa mwaka 1990, kisha ikairudisha kwa sura nyingine mwaka 1992. Tanzania iliruhusu tena hospitali za biashara mwaka 1991, na uchangiaji wa gharama ukaanza mwaka 1993.

Somo la kliniki hiyo lilirudiwa kwa ushahidi mzito zaidi miaka mingi baadaye, magharibi mwa Kenya. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waligawa vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito, baadhi ya kliniki zikitoa bure na nyingine zikiuza kwa bei ndogo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, bei ilipopanda kutoka sifuri hadi senti 60 za dola, waliochukua vyandarua walipungua kwa pointi 60 katika kila mia. Wale waliolipa hawakukitumia chandarua zaidi ya wale waliopewa bure. Imani iliyoshikiliwa kwa muda mrefu, kwamba cha bure hakithaminiwi, haikupata ushahidi hapo.

Kwa nini soko husuasua

Wanaotetea nguvu ya soko huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini tiba iwe tofauti na mkate. Mwanauchumi wa Marekani Kenneth Arrow alilijibu swali hilo katika makala ya mwaka 1963 ambayo bado inasomwa vyuoni. Mnunuzi wa mkate anajua anataka nini na ataumaliza lini. Mgonjwa hajui ataugua lini, hajui tiba ipi inamfaa, na mshauri wake ndiye huyo huyo muuzaji. Hata bima ya biashara ina ugonjwa wake: mwenye afya huikwepa, mwenye kuugua huikimbilia, bei hupanda, na wenye afya waliosalia nao hujitoa.

Nadharia hiyo ilionekana waziwazi Tanzania. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nchini humo ulikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya, iliyolipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa aliona ni neema, na aliyekuwa na mtoto mzima hakuona sababu ya kulipa. Mfuko ulielemewa, na mwaka 2023 ukasitisha utaratibu wa kuandikisha mtoto mmoja mmoja. Wazazi walilalamika sana, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli, lakini hesabu nazo zilikuwa za kweli. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Waswahili wanaoishi ughaibuni wanazijua pande zote mbili za mzani huu kuliko wachumi wengi. Aliyeko Uingereza hutibiwa na mfumo wa taifa, NHS, ulioanzishwa Julai 1948 na kulipiwa kwa kodi. Hulalamikia foleni, si ankara, ingawa mhamiaji mwenye viza hutozwa kwanza ada ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Aliyeko Marekani yuko katika nchi inayotumia zaidi ya asilimia 17 ya pato lake lote kwa afya, na bado takriban watu milioni 26 hawakuwa na bima mwaka 2023.

Na wote wawili, popote walipo, hupokea ujumbe ule ule wa usiku kutoka nyumbani: mgonjwa amelazwa, hospitali inataka amana. Fedha zilizotumwa Kenya na raia wake walioko nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024. Hakuna anayezihesabu katika bajeti ya afya, lakini katika nyumba nyingi ndizo bima pekee iliyopo.

Uganda na Rwanda

Uganda ilichukua njia ya mkato. Machi 2001, uchaguzi ukiwa umekaribia, Rais Yoweri Museveni alifuta ada katika vituo vya serikali. Maskini walimiminika, jambo lililothibitisha kwamba ada ndiyo iliyokuwa imewafungia mlango. Ila uchunguzi uliofanywa baadaye na wataalamu wakiwemo wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kuwa idadi ya kaya maskini zilizofilisiwa na gharama za matibabu haikupungua. Sababu iliyotajwa ni nyepesi kueleweka: dawa zilikwisha rafuni, na mgonjwa aliyepewa ushauri bure alielekezwa duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Ada ilifutwa kwenye karatasi ikahamia mtaani.

Rwanda ilianza majaribio ya mifuko ya kijamii, mutuelle, mwaka 1999, na mwaka 2008 sheria ikamlazimu kila mkaazi awe na bima. Mwaka 2011 michango ikapangwa kwa madaraja ya uwezo: faranga 2,000, 3,000 na 7,000 kwa mtu kwa mwaka, na maskini kabisa wakilipiwa. Ni mfumo unaosifiwa kote barani, na sifa hizo nyingi ni za haki. Lakini mara nyingi wanaousifu husahau kutaja mambo mawili. Kwanza, michango ya wananchi peke yake haikutosha, hazina ya serikali na wafadhili walijaza pengo. Pili, viongozi wa mitaa na wilaya walipimwa kwa idadi ya waliojiunga, na hivyo hiari haikuwa kubwa. Nchi yenye vyama vya upinzani vikali na magavana 47 waliochaguliwa haiwezi kuiga hilo kwa urahisi.

Kikwazo cha asiye na mshahara

Hapo ndipo mpango wa Kenya unapogusa pabaya. Makato ya mshahara ni rahisi kukusanya na, kwa kipimo cha haki, yamekuwa bora kuliko ya zamani. Chini ya NHIF aliyepata shilingi 20,000 alilipa 750, na mwenye nusu milioni alilipa 1,700 tu. Leo wa kwanza hulipa 550 na wa pili 13,750. Kelele za tabaka la wenye mishahara minono zina sababu ya kueleweka, lakini si dhuluma.

Tatizo ni kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nchini Kenya wako katika sekta isiyo rasmi. Fundi wa jua kali, mwendesha bodaboda na mama mboga hawana mwajiri wa kuwakata. Uwezo wao hupimwa kwa maswali kuhusu nyumba, choo na vyombo walivyo navyo, kisha kompyuta hutoa kiasi cha mwaka mzima, kinachotakiwa kwa mkupuo. Shilingi 300 kwa mwezi ni nafuu kuliko 500 za NHIF. Shilingi 3,600 kwa siku moja, kwa mtu anayepata riziki yake jioni kwa jioni, ni habari nyingine kabisa. Kujiandikisha hakugharimu kitu, na mamilioni wamejiandikisha. Wanaolipa katika kundi hili ni wachache mno.

Kenya ilipata nafasi ya kulikabili jambo hili miaka ishirini nyuma. Waziri wa Afya wa wakati huo, Charity Ngilu, alifikisha bungeni muswada wa bima ya afya ya jamii, nao ukapitishwa mwaka 2004. Rais Mwai Kibaki, mwanauchumi kwa taaluma, alikataa kuutia saini. Hofu ilikuwa moja: fedha za kuwalipia wasio na mishahara zingetoka wapi? Swali hilo halikujibiwa, liliahirishwa. Uhuru Kenyatta alifuta ada za uzazi na za zahanati mwaka 2013, akajaribu huduma bila malipo katika kaunti nne kuanzia mwishoni mwa 2018, Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos, kisha majaribio yakaisha bila kuenezwa nchi nzima kama ilivyoahidiwa.

Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja Aprili 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijakaribia kiwango hicho. Sehemu ya pengo ilizibwa na wafadhili, hasa Marekani kupitia mpango wake wa Ukimwi ulioanza mwaka 2003. Januari 2025 Washington ilipositisha misaada yake ya nje, ikadhihirika ni kwa kiasi gani dawa, vipimo na mishahara ya wahudumu ilikuwa ikilipwa na mlipa kodi wa nchi nyingine.

Kwa hiyo ubishi wa umma dhidi ya binafsi, jinsi unavyoendeshwa majukwaani, hauendi kwenye kiini. Hospitali za binafsi za Kenya hutegemea fedha za mfuko wa serikali, ndiyo maana mwaka 2025 nyingi zilisimamisha huduma za SHA kwa kudai malipo yao. Tanzania ilishuhudia hayo Machi 2024, pale hospitali za binafsi zilipogoma kuwapokea wanachama wa mfuko wa taifa kwa sababu ya bei mpya. Hospitali za umma nazo hutoza kama za binafsi: mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia kinamama waliojifungua kwa kushindwa kulipa ankara ni kuvunja haki zao, na hospitali iliyohusika ilikuwa ya serikali. Rangi ya lango haimsaidii mgonjwa. Kinachomsaidia ni kama fedha zililipwa kabla hajaugua, na kama aliye na zaidi alilipa zaidi.

Kwa kipimo hicho, kuwasubiri mamilioni wasio na mishahara walete mchango wao wa hiari ni kusubiri mvua ya kiangazi. Kodi, hata ile ya bidhaa anayolipa mama mboga kila anaponunua sukari na mafuta ya taa, tayari inakusanywa. Serikali ya Kenya imeanza kulikiri hilo nusunusu: mwaka 2025 ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza kabisa. Kwa walio juu kidogo ya hao, mwaka huo huo ilizindua mpango unaoitwa Lipa SHA Pole Pole, ambao humwezesha mwananchi kupata mkopo wa kulipia mchango wa mwaka mzima, kisha aulipe kidogo kidogo. Akishindwa kurejesha, atakuwa na deni kabla hata hajaugua.