Hewa ya mu shimo iko na mukubwa wake. Hewa ya mu nyumba, ni ya nani?

Mwezi wa 6 na wa 7, Katanga ni baridi. Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya usawa wa bahari, Kolwezi inapita pale, na usiku kipimo kinaweza kushuka chini ya digri 10. Umeme ukikatika, familia nyingi zinabakia na dawa moja tu: mbabula. Mama amemaliza kupika bukari, makala ingali nyekundu, watoto wanatetemeka. Mbabula inaingizwa mu chumba cha kulala, mulango unafungwa, dirisha inafungwa juu ya wezi na mbu. Asubuhi hakuna mutu anayefungua. Majirani wanavunja mulango, na mbele ya kuuliza hewa ilipita wapi, watu wanauliza ni nani aliwaloga.

Hakuna mulozi. Kuko gazi, na wafanyakazi wa mine wanaijua kwa jina: CO. Ajabu njo hii: baba mwenye anafundishwa ku kazi namna ya kujilinda na ile gazi, anarudia ku nyumba na kulala nayo.

Makala haina moshi, lakini iko na sumu

Kuni inatoa moshi, macho yanalia, mutu anakimbia. Makala ni tofauti. Moshi yake ilibaki kule porini, wakati mti ulichomwa chini ya udongo. Njo maana mama anaona mbabula nyekundu, safi, na kufikiri hatari imekwisha. Kumbe makala ikiwaka mahali hewa ni kidogo, inatoa CO mingi. Na CO haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiingia mu damu, inajishika pale kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inatembea, lakini haibebi tena hewa ya uzima.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu bila nguvu. Hapa njo watu wengi wanapotea, juu hizi zote zinafanana na malaria. Lakini malaria haikamate watu wote wa nyumba saa moja. Kama watatu wanaumwa kichwa usiku mumoja, mwili hauna moto, na wakitoka inje wanasikia nafuu, musikimbilie kinini peke yake. Fungua milango, tosha watu wote inje, na peleka wagonjwa ku hospitali mbio, hata yule anayesema ameshapona. Ambia munganga kama kulikuwa mbabula ndani. Dawa yake ni oksijeni. Maziwa na mawese haitoshe CO mu damu.

Mambo mine ilijifunza kwa machozi

Watu wa mine hawakuzaliwa na hii akili. Mwaka wa 1896, mwanasayansi John Scott Haldane alionyesha serikali ya Uingereza kama wachimbaji wengi wanaokufa kisha mulipuko hawauawi na moto wala mawe: wanauawa na CO. Alishauri watu washuke na nyama wadogo wenye kusikia sumu mbele ya mutu. Kutoka pale kanari, ndege mudogo wa manjano, akakuwa mulinzi wa wachimbaji wa Uingereza mpaka mwaka wa 1986.

Tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka wa 1956, mu Ubelgiji, moto ulishika mu mine ya Bois du Cazier, kule Marcinelle. Watu 262 walikufa. Wengi wao moto haukuwafikia. Ulianza karibu na njia ya kuingiza hewa, na ile hewa yenye ilipaswa kuwapa uzima njo ilibeba moshi na CO mpaka mu galeri zao.

Fundisho ni moja: hewa safi iko na njia yake ya kuingia, hewa chafu iko na njia yake ya kutoka, na hizi mbili hazipaswe kukutana. Ku mine kubwa kuko ventilateri, kuko vyombo vya kupima, kuko mutu mwenye kujibu kama hewa inaharibika.

Ku machimbo ya mikono, ile mutu mara mingi hayuko. Sheria inakataza muchimbaji wa mikono kupita mita 30 chini, lakini hata mita 10 inatosha kuua kama hewa haipite. Kushusha motopompe mu shimo juu ya kutosha maji ni kutuma kifo chini. Hata injini ya kompresa yenye kubakia juu inaweza kuua: kama mahali inavuta hewa ni karibu na mahali inatupa moshi, bomba inapelekea wandugu wa chini sumu kuliko hewa. Injini iwekwe mbali na mudomo wa shimo, upande upepo unaelekea. Na mushumaa usiwadanganye. Unazimika oksijeni ikipunguka, ni kweli. Lakini CO inaweza kuua mutu na mushumaa ungali unawaka.

Tundu moja haitoshi

Nyumba yenye moto ndani inafuata sheria ile ile ya shimo. Hewa ya moto inapanda, kwa hiyo inaomba tundu juu ya kutoka. Na ile baridi inaomba tundu chini ya kuingia. Mwaga maji kutoka mu bidon yenye mudomo mumoja: inagugumia, maji na hewa vinasukumana. Toboa bidon upande wa nyuma, maji inapita sawasawa. Jikoni ni vilevile. Klostra chini na klostra juu, na wavu na chuma juu ya mbu na mwizi, vinatosha kubadilisha hewa ya mahali pa kupikia.

Ya kulala ni jambo lingine. Mbabula haina bomba ya kutupa gazi inje, kwa hiyo hata penye klostra haina haki ya kulala na watu. Muote moto inje ao jikoni, halafu muingie na blanketi, mbabula ibakie inje. Gurupe nayo isiwekwe ku baraza wala chini ya dirisha.

Wale wanaofunga mashini ya gazi ya kutosha maji moto mu nyumba mupya waangalie pia. Bomba yake inatupa gazi inje paka kama hewa ingine inaingia. Ukifunga nyumba yote na kuwasha ventilateri ya kuvuta harufu ya jikoni, ile ventilateri inaweza kurudisha gazi ndani kupitia bomba ile ile. Mu Ufaransa, sheria inaomba fundi akague shodieri ya gazi kila mwaka. Huku kwetu, mutu ananunua, anafunga, anasahau.

Nani anajibu?

Hapa njo kiini cha mambo. Wakati nyumba ya mufanyakazi ilikuwa ya kompani, kuanzia Union Minière mpaka Gécamines, tundu ikiziba, kulikuwa mukubwa wa camp wa kulalamikia. Leo wafanyakazi wengi wanapokea feza ya nyumba mu mushahara na kutafuta wenyewe. Mwenye lupango anajenga vyumba vinne penye nafasi ya viwili, madirisha madogo, manjanja juu, hakuna jikoni. Mupangaji anaona bei na mulango wenye kufuli nzuri. Hewa haionekani, kwa hiyo hakuna anayeiuliza. Kompani inachunga hewa mpaka ku geti. Kisha geti, ni kazi ya Mungu.

Tunaona mambo matatu yenye kuwezekana mbele ya baridi ingine. La kwanza: ma-syndicat, wakati wa kuongea juu ya feza ya nyumba, waombe pia jikoni na matundu ya hewa, si hesabu ya franga tu. La pili: komine ipite na kuangalia kama vyumba vya kupangisha viko na hewa. La tatu: masomo ya usalama yenye baba anapata ku kazi yafikie bibi na watoto, mu Kiswahili chao, juu wao njo wanalala karibu na mbabula.

Klostra mbili ni bei ndogo kuliko sanduku moja. Kama ku kazi hakuna anayekubali kushuka mahali hewa haijapimwa, ku nyumba pia mutu asilale mbele ya kuuliza: hewa inaingia wapi, na inatoka wapi?